Daktari, nitembee wapi?

Mwezi uliopita mama mmoja wa miaka 58, mgonjwa wangu wa siku nyingi, aliingia katika kliniki yangu huku Kisauni akijipangusa jasho kwa ncha ya leso yake. Mama huyu huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, na kwa miaka tisa sasa ana maradhi ya kisukari pamoja na shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita wengi. Nilipompima niliona sukari imepanda tena, ingawa vidonge anavimeza bila kukosa. Nikamwambia yale ambayo sisi madaktari huyasema kila siku.

"Mama, ni lazima utembee. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki."

Alinitazama, akacheka kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, nitembee wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakosa la kusema.

Akaanza kunihesabia kwa vidole. Alfajiri, wakati kuna ubaridi, anaogopa vijana wa mapanga. Ikifika saa tatu jua limekwisha kuwa kali. Kando ya barabara kuu hakuna pa kupitia mtu, kwani kila nafasi imechukuliwa na bodaboda, tuktuk, vibanda na mtaro wa maji machafu. Kiwanja walichochezea wanawe wakiwa wadogo sasa kina nyumba za kupangisha. Na baharini je? Hapo ndipo aliponyamaza kidogo. Alisema zamani yeye na majirani zake walikuwa wakienda ufuoni kwa miguu jioni, wakipita kijia kimoja, nao walikuwa wakifika kabla ya maongezi kunoga. Kijia hicho sasa kimezibwa.

Sikutaka kuamini moja kwa moja. Jumapili iliyofuata nilivaa raba, nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikaanza kutembea kuelekea baharini nikiwa na saa mkononi. Baada ya dakika saba nilikutana na ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake. Nyuma ya ukuta ule nilisikia mawimbi. Bawabu aliyekuwa langoni alinijibu kwa heshima kwamba hapo hapapitiki, nizunguke barabarani. Nilizunguka. Nilifika majini baada ya dakika arobaini na tano, nikiwa nimelowa jasho, baada ya kukwepa magari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sitasema ukuta ule ni wa nani, kwa kuwa kuta za namna hiyo si moja wala si kumi.

Msomaji mpenzi, siku hiyo nilitambua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika dawa ambayo katika mitaa yetu haipatikani. Daktari anayemwambia mgonjwa atembee mahali pasipo njia, pasipo kivuli na pasipo usalama hana tofauti na yule anayeandika dawa akijua maduka yote ya dawa yamefungwa. Ndiyo maana leo nataka kusema waziwazi: kiwanja cha mtaa, mti wa kivuli na njia ya kwendea baharini ni dawa. Anayetunyang'anya vitu hivyo anatunyang'anya afya, na anayekaa kimya akiona vikinyang'anywa anamsaidia.

NEEMA TULIYOPEWA

Mtu akitazama ramani ya Mombasa ataona kwamba Mwenyezi Mungu hakutunyima kitu. Kisiwa kiko katikati, na sisi tunaokaa ng'ambo tumekizunguka: Kisauni upande wa kaskazini, Likoni upande wa kusini, na Changamwe upande wa magharibi. Kila upande una maji karibu. Kisauni na Likoni zina bahari kuu, na Changamwe imepakana na hori za Port Reitz na Tudor zenye mikoko yake.

Hali ya hewa nayo ina mpango wake, na wazee wetu waliujua vizuri. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Hiki ndicho kipindi cha joto kali, hasa Februari na Machi, ambapo hali ya joto mchana hufika nyuzi 32 au zaidi. Kisha kusi huingia mwezi wa Aprili pamoja na mvua za masika, ambazo huwa nzito zaidi Mei. Kufikia Julai na Agosti joto la mchana hushuka hadi nyuzi 27 au 28, na usiku mtu hutafuta shuka ya kujifunika. Mvua za vuli hurudi mwishoni mwa mwaka.

Nyumba za kale za Pwani zilijengwa kwa kufuata mpango huo. Paa la makuti lilizuia joto, ua ulileta hewa ndani, na baraza ilimpa mtu mahali pa kupunga upepo jioni na kuzungumza na jirani. Leo wengi wetu tunaishi katika vyumba vya matofali vilivyobanana, vyenye paa la mabati na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Matofali na saruji hunywa joto la mchana kutwa na kulitoa usiku. Ndiyo sababu mtu hulala Machi akigaagaa, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Ikiwa nyumba ni tanuri, basi uwanja na ufuo si anasa. Ndiyo mahali pa kupumulia.

JOTO NA MWILI

Inafaa nieleze kidogo kwa nini joto la Mombasa linachosha kuliko joto la miji mikavu. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki katika nyuzi 37 hivi. Joto likizidi, mwili hutoa jasho, na jasho lile linapokauka ndipo ngozi inapopoa. Huku kwetu hewa imejaa unyevu mwaka mzima. Jasho halikauki upesi, hutiririka tu na kulowesha shati, nawe hupati faida yake. Moyo hulazimika kufanya kazi zaidi kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi. Kwa kijana mwenye afya hilo ni jambo dogo, lakini kwa mzee, mama mjamzito, mtoto mchanga au mwenye maradhi ya moyo, figo au kisukari, ni mzigo mkubwa.

Kwa hivyo hatuwezi kuwaambia watu wa Likoni au Magongo wafanye mazoezi kama watu wa Nairobi au Eldoret. Kwetu sisi, kivuli na upepo ni sehemu ya zoezi lenyewe. Barabara isiyo na mti hata mmoja, yenye lami inayochemka saa sita mchana, si mahali pa kumtuma mgonjwa wa presha. Mwarobaini, mkungu au mwembe mmoja hubadilisha hali ya mahali, kwa sababu mti huzuia jua lisipige ardhini na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa. Wauza madafu wanalijua hilo kuliko sisi tuliokwenda chuo kikuu. Tazama mahali wanapoegesha mikokoteni yao!

KUTEMBEA NI DAWA

Wapo wanaodhani kwamba daktari anayemwambia mgonjwa atembee amekosa dawa ya kumpa. La hasha! Ushahidi wa jambo hili ni wa miaka mingi. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Aliwalinganisha madereva, waliokaa kitini siku nzima, na makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi mchana kutwa wakikata tiketi. Mwajiri alikuwa mmoja na mji ulikuwa mmoja, lakini makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Ukisimama stendi ya Kengeleni ukamtazama dereva wa matatu na makanga wake, utaelewa mara moja alichokiona daktari yule.

Mtu anapotembea kwa kasi ya wastani, misuli yake huchoma sukari iliyo katika damu, na insulini yake hufanya kazi vizuri zaidi. Mishipa hulegea na presha hushuka. Usingizi huwa mzuri na mawazo hupungua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto na vijana wapate wastani wa dakika 60 kila siku.

Nasi Wakenya tuna kila sababu ya kusikiliza. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Zaidi ya robo walikuwa na uzito uliopita kiasi. Hizo si takwimu za matajiri wa Nyali peke yao. Hao ndio ninaowaona kila siku kwenye benchi langu: mwenye duka anayekaa nyuma ya kaunta tangu saa kumi na mbili asubuhi, fundi wa cherehani, dereva wa tuktuk na mama wa mahamri.

SEHEMU TATU, SHIDA MOJA

Nianzie Likoni. Watu wa Likoni wanatembea, naam, lakini kutembea kwao ni kule kwa kuteremka kuelekea feri huku wakisukumana. Feri hukadiriwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na kila mmoja ana haraka zake. Jioni, anayetaka kupunga upepo huvuka hadi kisiwani, akaenda Mama Ngina kukaa chini ya mibuyu, ale muhogo wa pilipili na ndimu. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, nayo inapendeza. Lakini kwa nini mkazi wa Likoni, mwenye bahari yake Shelly, alazimike kupanga foleni ya feri ili apate mahali pa kukaa akaitazama bahari ile ile?

Changamwe ina taabu yake. Huko ndiko malori ya bandari yanakopita usiku na mchana, na vumbi na moshi wake huingia madirishani Chaani, Magongo na Mikindani. Kiwanda cha kusafisha mafuta kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, lakini malori hayakupungua. Tunakumbuka pia yaliyowapata wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamua walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mzazi wa Changamwe akiniuliza kama mtoto wake mwenye pumu acheze nje, sina budi kumuuliza kwanza: nje ya wapi? Mahali penye nyasi na miti mbali na barabara, na acheze. Kando ya foleni ya malori, hapana.

Huku kwetu Kisauni ufuo upo, tena mrefu. Pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, ambayo wote tunaiita Pirates, hufurika watu Jumapili na sikukuu hadi mchanga hauonekani. Wingi ule wenyewe ni ushahidi. Watu hawatoki Mishomoroni, Mtopanga na Bombolulu na watoto mgongoni kwa kuwa wamekosa kazi ya kufanya. Wanakuja kwa kuwa hawana pengine pa kwenda, na sehemu kubwa ya ufuo uliobaki imezungukwa na hoteli na majumba ambayo njia zake hazionekani.

Viwanja vya ndani ya mitaa ndivyo vilivyoumia zaidi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma nchini, vikiwemo viwanja na sehemu za wazi zilizotengwa kwa matumizi ya wananchi, zilivyogawanywa kwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kiwanja kilichobahatika kubaki bila kujengwa mara nyingi hakitunzwi. Hugeuka jaa la taka, na magurudumu mabovu yaliyotupwa humo hushika maji ya mvua na kuzaa mbu. Mombasa ilipopatwa na homa ya chikungunya mwanzoni mwa mwaka 2018, wengi walibaki wakiumwa viungo kwa majuma mengi. Mbu anayeeneza homa hiyo huzaliana katika maji machache yaliyotuama kama hayo.

INAWEZEKANA

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya ndoto. Mifano miwili iko papa hapa ng'ambo.

Wa kwanza uko Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi kikaacha shimo kubwa jeupe, lisilo udongo, lenye maji ya chumvi na jua la kuunguza. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na tatu tu ndizo zilizosalimika, ukiwemo mvinje. Alitumia hata jongoo, ambao walikula majani ya mvinje yaliyoanguka na kuyageuza mbolea, na polepole udongo ukapatikana. Leo tunaliita eneo hilo Haller Park, nalo lilijulikana duniani kote kwa urafiki wa kobe Mzee na kiboko Owen, aliyeokolewa siku ya pili baada ya tsunami ya Desemba 2004. Ni kweli kuingia humo kunalipiwa, na si kila mtu anamudu. Lakini kama msitu uliota juu ya mwamba mtupu, nani atatuambia kwamba mwarobaini hautaota kandokando ya kiwanja cha shule?

Wa pili ni Kibarani. Kila mtu aliyewahi kusafiri kati ya kisiwa na Changamwe analikumbuka jaa lile, moshi wake na uvundo uliotufanya tufunge madirisha ya matatu. Lilifungwa mwaka 2018, likasawazishwa na kupandwa nyasi na miti. Taka zetu zilihamia Mwakirunge, na hilo ni tatizo ambalo wenzetu wa huko wana haki ya kulilalamikia. Hata hivyo, Kibarani ilituonyesha kwamba wakubwa wakitaka, hata jaa hugeuka bustani. Swali ni kwa nini wanataka pale wapitapo wageni, na hawataki kule tunakolala.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wasomaji wengi hawajui kwamba katika jambo hili hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 62 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa kuwa ni ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba ule mchanga unaolowa na kukauka ni wako wewe msomaji, hata kama nyuma yake kuna jumba la nani. Nayo Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kusimamia bustani, fuo na mahali pa burudani.

Lakini haki ya kuukanyaga mchanga haina maana kama njia ya kuufikia imezibwa. Ni sawa na kumpa mtu nyumba ukamnyima ufunguo.

Kwa hivyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na wawakilishi wetu wa wadi, mambo manne. Kwanza, njia zote za umma za kwendea baharini Kisauni na Likoni zitafutwe kwenye ramani, zifunguliwe, na kila moja iwekewe kibao ambacho mtoto wa shule anaweza kukisoma. Pili, kila kiwanja cha umma kilichobaki, kuanzia vile vinavyojulikana kama Bomu kule Changamwe hadi vile vidogo visivyo na jina, kiwe na hati ya umiliki ya umma na mipaka iliyopandwa miti. Tatu, kila barabara ya mtaa inapotengenezwa, itengewe mahali pa waendao kwa miguu, na mahali hapo pasigeuzwe kituo cha bodaboda siku ya pili. Nne, pawe na taa na ulinzi alfajiri na magharibi, saa ambazo hali yetu ya hewa inaturuhusu kutembea. Sisemi kwamba taa na mpira vitamaliza mapanga, lakini giza na uvivu wa kulazimishwa havijawahi kuyapunguza.

Najua wapo watakaosema: "Daktari, watu hawana maji wala kazi, nawe unatuletea habari za matembezi!" Nawajibu kwa heshima. Kweli, msukuma mkokoteni wa Kongowea na kuli wa bandarini hawahitaji kuambiwa wafanye mazoezi. Wao wanahitaji kivuli cha kupumzikia na maji ya kunywa. Lakini tajiri akikosa kiwanja hulipia ukumbi wa mazoezi wenye viyoyozi. Maskini akikosa kiwanja hulipa baadaye, kwa vidonge vya kila mwezi, kwa mguu uliokatwa kwa sababu ya kisukari, au kwa figo za kusafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki. Nimewaona wanaouza ploti ili walipie hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HUKU TUKINGOJA

Tusikae tukingoja kaunti bila kufanya lolote. Haya ndiyo ninayowashauri wagonjwa wangu:

Chagua saa. Wakati wa kaskazi, tembea kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Wakati wa kusi unaweza kuongeza saa moja au zaidi. Usitembee peke yako gizani. Fanyeni kikundi cha watu watano au zaidi.

Anza kidogo. Dakika kumi mara tatu kwa siku zinafaa sawa na nusu saa. Kasi nzuri ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Kunywa maji kabla ya kutoka na ukirudi. Madafu ni mazuri, lakini yana sukari na madini ya potasiamu, kwa hivyo mwenye kisukari asizidishe, na mwenye figo dhaifu amuulize daktari wake kwanza. Anayemeza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo awe mwangalifu zaidi siku za joto, lakini asiviache bila ushauri.

Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, si malapa, na akague nyayo zake kila akirudi. Anayetumia insulini abebe peremende au kitu kitamu mfukoni.

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kuumwa na kichwa, simama, tafuta kivuli, kunywa maji na ujimwagie maji mwilini. Mtu akianza kuchanganyikiwa, akazimia au mwili ukawa moto sana, hilo ni jambo la dharura. Mpozeni kwa maji papo hapo huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali.

Baharini, waulizeni wavuvi juu ya maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu. Msiwaache watoto waelee juu ya tyubu za kukodi bila mtu mzima kuwa karibu, na ogeni mahali penye waokoaji.

Nimalizie kwa yule mama wa mahamri. Baada ya matembezi yangu ya Jumapili nilirudi kwake nikamwambia ukweli, kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Yeye hakungoja. Alikwenda na wenzake saba kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nao, wakamwomba ruhusa ya kuzunguka uwanja wa shule jioni watoto wakishaondoka. Mwalimu alikubali, kwa sharti kwamba wasiwachezee maua na wafunge lango. Sasa wanatembea siku nne kwa wiki wakiwa na leso zao, na nasikia maongezi yao yanafika mpaka barabarani. Sukari yake bado haijashuka hadi ninapotaka, lakini imeshuka, na juzi aliniambia kwamba analala vizuri.

Wale wenye shule, misikiti, makanisa na makampuni yenye nafasi wanaweza kufanya alivyofanya mwalimu yule, tena bila kutumia hata shilingi moja. Lakini uwanja wa shule wa kuazima si haki, ni ukarimu, na mwalimu mkuu mwingine akija anaweza kulifunga lango. Kile kijia cha kwendea baharini kilikuwa haki ya mama yule na ya watoto wetu. Dakika saba kutoka mlangoni kwake bado pana ukuta, na ng'ambo ya ukuta huo mawimbi bado yanasikika.